Kitanda Changu Kiliteremka Mlima Bila Mimi

Mimi sikusoma. Haya nayasema kwenye simu, mtu anaandika, na nimemwonya asininyooshee maneno. Nikisema nilikasirika aandike nilikasirika, asiniandikie eti nilihuzunika. Nilikasirika na bado nimekasirika, ila sasa nimekasirika nikiwa nyumbani kwangu, na hapo ndipo palipokuwa na vita.

Nyumba yangu iko juu ya mawe, Igogo. Gari halifiki. Bajaji haifiki. Bodaboda anafika nusu, anazima pikipiki, anakwambia, "Bibi, mi naishia hapa, huko juu mnaishije?" Unapanda kati ya kuta za watu, unapita chini ya kamba za nguo, unashika jiwe moja kubwa ambalo limelainika kwa mikono yetu, unageuka, unapanda tena, ndo unafika. Tuliijenga na marehemu mume wangu, tofali tukizibeba kichwani, na huko juu nimekaanga mapanki miaka yote. Kiwandani wakishaondoa minofu ya sangara, ile mifupa na vichwa vinakuja kwetu, tunakaanga, tunauza. Watoto wangu wawili wamesoma kwa mifupa hiyo. Ukikaa mlangoni kwangu unaliona ziwa lote, mitumbwi inakuwa midogo kama chawa.

Kitu kingine, naiga watu. Kusoma sijui, lakini mtu akiongea mbele yangu sauti yake inabaki kwangu, na mwendo wake, na anavyokohoa. Mwenyekiti wa mtaa ninaye. Mchungaji ninaye. Wapo wanaosema ni tabia mbaya. Ni wale ninaowaiga.

Siku niliyoanguka mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, mawe yana utelezi. Nilikuwa nashuka na ndoo ya mapanki, mguu wa kushoto ukaenda peke yake, nikaangukia lile jiwe la kushika kwa nyonga. Nikapiga kelele ambayo sijawahi kuipiga hata kwenye uzazi. Jirani yangu wa chini, mama mmoja anayefua nguo za watu, akanisikia akaanza kucheka. "Mayu," ndo mama kwa Kisukuma, "leo unamwiga nani?" Alidhani ni mwenyekiti wa mtaa, maana na yeye aliwahi kuanguka palepale na nilikuwa namwiga vizuri sana. Mimi niko kwenye matope, yeye ameshika kiuno anacheka, anasubiri nimalize. Ndoo ilipobingirika yenyewe mpaka mlangoni kwake, mapanki yanamwagika na mimi siyafuati, ndo akatupa nguo akaja mbio.

Mfupa haukuvunjika. Picha walipiga, wakasema mfupa mzima. Mwanangu wa kiume, anayefanya kazi kiwandani Nyakato, akaja na bajaji akanichukua kwake. "Mama, wiki chache tu, ukipata nafuu unarudi." Nyakato ni tambarare. Huoni ziwa, huoni jiwe, unaona ukuta wa kiwanda na malori. Wiki chache zikawa miezi. Nyonga inawaka, mguu ukikaa unakufa ganzi, nikilala ubavu huu nauchukia, nikigeuka ule nauchukia zaidi. Natembea na fimbo kama mtu anayetafuta ng'ombe aliyepotea.

Wakanipeleka kwa daktari mkubwa. Binti yangu, anayekaa dirishani benki huko Nyamagana, ndiye aliyemtafuta. Kila mtu benki anamsifia. Ana hospitali yake mjini, chumba chake kina baridi kama cha kuhifadhia sangara, tumbo linaingia mlangoni kwanza, yeye anafuata. Anaongea amefumba macho.

"Mmmh. Maaama yenu ana miaka mingapi?"

Anamuuliza mwanangu. Mimi nimekaa katikati yao, nimevaa kitenge kipya.

"Hajui vizuri, daktari."

Nikasema najua, nilizaliwa mwaka ule ziwa lilipopanda likaingia mpaka shambani kwa baba. Daktari akatabasamu, macho yamefumbwa vilevile. "Mmmh. Na maaama anakula?"

"Anakula, daktari."

"Na chooo anapata?"

Hapo mwanangu akanitazama. Angalau hilo aliona hana jibu lake.

Sasa nieleze kitu ambacho mtoto wa Igogo anakijua kabla hajaota meno, lakini daktari yule amekisahau. Ukiingia msibani, maiti iko ndani, unauliza, "Habari za hapa?" Unajibiwa, "Nzuri, ila tumefiwa." Ng'ombe wa mtu wameibiwa wote, ukimsalimia atakwambia, "Salama, ila tumeibiwa." Kwanza unampokea mtu, halafu unampa habari. Habari yenyewe iko baada ya ila. Hakuna mtu anayeanza na ila, ni kukosa adabu, ni kama kummwagia mgeni maji ya vyombo kabla hajakaa.

Basi daktari mkubwa ananiuliza, "Unaendeleajeee, mama?"

Nasema, "Vizuri baba, tunamshukuru Mungu."

Navuta pumzi nimpe ila yangu. Nilikuwa nimeitengeneza njiani kote, nyonga, ganzi, vile vidonge vyake vinavyochoma tumbo kama nimemeza kaa la moto. Nafungua mdomo, yeye ameshageukia kwa mwanangu. "Anaendelea vizuri. Tuendelee na dawa zilezile."

Tukarudi mara nyingine, hivyohivyo. Salamu, vizuri baba, dawa zilezile. Na yeye ni mtu wa hukuhuku, si Mzungu. Kwao lazima kuna misiba. Sijui huko alikosoma nani alimfundisha kumkata mtu katikati ya salamu.

Mara ya mwisho mwanangu mwenyewe akasema, "Lakini daktari, nyumbani halali. Analalamika."

Daktari akafumbua macho, mara ya kwanza nayaona, madogo. "Lakini kila akija hapa ananiambia vizuri. Mfupa mzima. Wazeee wakati mwingine..." Akakigusa kichwa chake kwa kidole, taratibu, kama anabisha hodi. "Wanapenda kuwa na watoto wao karibu."

Mwanangu akanitazama. Nimemzaa, najua macho yake. Alikuwa anafikiria uigaji wangu.

Nilitaka kumpiga mtu na fimbo, ila sikujua nianze na nani.

"Ushauri wangu," daktari akasema, "asipande tena ule mlima. Umri umekwenda. Mumweke hapohapo tambarare, apumzike. Tutaangalia na sindano ya mgongo."

Apumzike. Neno hilo nimelisikia sana, na mara zote lilikuwa linasemwa kwenye jeneza.

Jumapili wakafanya kikao. Wenyewe wanaita kikao cha familia, lakini familia ilikuwa wao wawili, mimi niliwekwa kwenye kochi kama mto. Mwanangu akikasirika anaongea kama msimamizi wake wa kiwandani, kwa vipande. "Suala hili. Limeshafungwa. Daktari amesema. Mama anabaki huku. Pale juu tutapangisha."

Binti yangu anaongea na watu kama wako nje ya kile kioo cha benki. "Samahani kaka, naomba nimalizie. Kuna dada tunayefanya naye kazi, mama yake alipooza upande, akapelekwa kwa daktari wa maumivu na utengamao. Sasa hivi anafagia."

"Utengamao ndiyo nini?" nikauliza.

Wote wawili wakageuka kana kwamba kochi limeongea.

"Ni kumrudisha mtu kwenye shughuli zake, mama. Baada ya kuumia."

"Basi nipelekwe huko. Mimi nataka kurudi kwangu. Sijaomba kingine."

Mwanangu akasema huyo daktari amesikia habari zake, ni mwanamke, ana mdomo, wagonjwa wanamkimbia. Alimfokea mzee mmoja wa kanisani kwao mpaka mzee akasahau kofia. Nikasema kama ana mdomo ndo vizuri, mimi ninao, tutaelewana au tutapigana, vyote viwili ni mazungumzo. Binti akacheka. Mwanangu hakucheka. Akasema atanipeleka mara moja tu ili niridhike, halafu turudi kwa daktari wetu.

Daktari wetu. Alikuwa wake na nani?

Hospitali yenyewe haina baridi. Mabenchi kwenye varanda, watu wameinama, mmoja ameshika goti, mwingine shingo, kimya kama wanasubiri hukumu. Babu mmoja pembeni yangu, mkono wake umefungwa kwenye kanga, akaniuliza nimetokea kwa nani. Nikamwambia. Akasema, "Hata mimi nilipita kwake. Hivi wewe alikuangalia mguu? Mimi mkono hajaugusa."

Hapo nikaona nimpunguzie babu mawazo. Nikainuka, fimbo nikaiegemeza kwenye benchi, nikatoa tumbo mbele, nikafumba macho, nikaanza kutembea kwenye varanda. "Mmmh. Na babuuu, chooo anapata?" Babu akacheka mpaka kanga ikamtoka. Mama mwenye shingo akacheka huku analia, maana shingo ilimuuma. Nikafika mwisho wa varanda, nikageuka kwa kisigino kama anavyogeuka yeye, nikarudi. "Wazeee wakati mwingine..."

Kicheko kikakatika. Nikafumbua macho. Mwanamke mwembamba, koti jeupe, mikono kiunoni, amesimama mlangoni. Hana haja ya kujitambulisha mtu wa hivyo.

"Bibi," akasema, sauti kama sufuria inayokwanguliwa, "huo mguu wa kushoto uliokuwa unautembelea ni wa nani?"

Nikaangalia chini. Fimbo yangu iko kule kwenye benchi. Na mwanangu yuko hapo pembeni ya benchi, ananitazama kwa namna ambayo sitaisahau.

"Mama," akasema polepole, "kumbe unaweza kutembea."

Mbele ya watu wote wale.

"Kwa hiyo daktari alisema kweli. Miezi yote hii unatuigizia."

Nikataka kumjibu, na nyonga ikanishika palepale, deni lake lote la ile varanda, nikadaka ukuta. Hakunisogelea. Alikuwa anasubiri nimalize, kama yule jirani wa nguo. Aliyenishika ni yule daktari, kwa nguvu kabisa, chini ya kwapa, kama anainua gunia.

Tukaingia ndani. Nikakaa. Nikamwona anavyovuta kiti chake mpaka magoti yake yanakaribia yangu, na kiti cha mwanangu akakiacha kule ukutani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Unaendeleaje?"

"Vizuri, tunamshukuru Mungu."

Akanyamaza. Nikasubiri ageuke kwa mwanangu. Hakugeuka. Akaniangalia tu, mikono kwenye magoti, halafu akasema, "Vizuri. Ila?"

Jamani. Ilinitoka yote. Niliongea mpaka mate yakakauka. Nyonga, ganzi, vidonge, jinsi ninavyoshindwa kujifunga viatu, jinsi mke wa mwanangu anavyoniogesha mgongo huku anaangalia saa. Nikamwiga yule daktari mkubwa, nikamwiga mwanangu hapohapo na yeye yuko ndani, "Suala hili. Limeshafungwa." Daktari hakucheka. Alikuwa anasikiliza kama mtu anayechambua mchele. Mara moja tu aliinua kidole, akauliza ganzi inaanzia wapi, nikamwonyesha, akaweka kidole chake palepale, nikaruka.

"Eti mfupa mzima," nikasema.

"Mfupa ni mzima. Nani amesema mfupa peke yake ndo unauma?"

Akanilaza, akaukunja mguu, akauzungusha, akaniambia nimsukume kwa kisigino. Nikamsukuma, akakasirika, akasema huko si kusukuma, huko ni kumbembeleza. Halafu akaniuliza kitu ambacho hakuna mtu alikuwa ameniuliza tangu nianguke. "Unataka ufanye nini ambacho sasa hivi huwezi?"

"Kupanda kwangu."

"Kwako pakoje?"

Nikamweleza njia yote. Kuta, kamba za nguo, lile jiwe la kushika. Akauliza jiwe liko mkono gani ukipanda, na ukishuka je. Akauliza ninabeba nini.

Mwanangu akajikohoza ukutani. "Daktari, samahani. Lakini si umemwona mwenyewe pale nje? Alikuwa anatembea bila fimbo."

"Nimemwona."

"Sasa hayo maumivu..."

"Maumivu ni ya kweli. Na mguu unaweza kubeba. Yote mawili ni kweli, kaka, hakuna linalomfukuza mwenzake." Akanigeukia mimi. "Bibi, ukitembea kama yule daktari, unatoa tumbo, unauweka mguu chini wote, hufikirii. Ukitembea kama wewe, unaubeba mguu kama yai. Tangu lini?"

Nikasema sijui.

"Tangu lile jiwe. Unaliogopa."

"Mimi siogopi jiwe. Nimeishi na mawe maisha yangu yote."

"Unaogopa. Ukinidanganya nitakuachia uende na vidonge vyako vya kuchoma tumbo. Mguu usiotumika unakonda, ukikonda unauma zaidi, ukiuma unauogopa zaidi. Mimi nitakutoa hapo, lakini nitakufokea, utalia, na maumivu hayataisha yote."

"Hayataisha?"

"Nani alikuahidi yataisha?"

Hakuna aliyeniahidi, ndiyo. Lakini nilitoka pale nimemkasirikia hata yeye. Mtu unaenda kutafuta dawa, anakupa ukweli, tena mkavu. Hata hivyo mguu alikuwa ameugusa. Nilikihisi kidole chake palepale mpaka tunafika Nyakato.

Tukafika, mwanangu akashuka kwanza kwenye bajaji. Uani kwake kuna kitu kimefunikwa turubai. Nikakiona miguu. Ile miguu naijua, mmoja una alama ya moto wa karai langu la mapanki. Ni kitanda changu. Kitanda cha mninga alichonichongea marehemu mume wangu, ambacho kilipandishwa vipandevipande kikafungiwa juu, kimeteremshwa mlima, kimewekwa uani kwa watu pembeni ya matairi. Mimi sijui. Sijaulizwa. Kumbe mpangaji alishapatikana, wa kuhamia mwisho wa mwezi, na suala kweli lilikuwa limefungwa.

Sikupiga kelele. Nilikaa kwenye kitanda changu, juu ya turubai, nikagoma kuingia ndani.

"Mama, jua kali."

"Niache."

"Mama, nilikuwa nakutafutia wepesi. Daktari alisema usipande."

"Yule daktari anajua mguu wangu upi unauma? Muulize. Mpigie simu sasa hivi, muulize ni wa kulia au wa kushoto."

Akaitoa simu, akaishika, akairudisha mfukoni. Tulijua wote wawili.

"Mimi naenda kwa yule mwenye mdomo," nikasema. "Na huyo mpangaji mwambie nyumba ina mtu."

"Nani atakupeleka kila wiki? Mimi niko zamu."

"Nitatambaa."

Akasema, na hapa sauti yake haikuwa ya msimamizi, ilikuwa yake ya utotoni, "Ukianguka tena huko juu, mama, peke yako, nani atajua? Si watacheka tena?"

Sikumwambia ana haki, na leo sisemi. Lakini nilimsikia. Mtoto anaogopa jambo, badala ya kusema anaogopa anaenda kuhamisha kitanda. Angeniambia siku ya kwanza, tusingefika kwenye turubai.

Binti yangu akaja jioni, akanikuta bado nimekaa pale, akavua viatu vyake vya benki akakaa na mimi. "Samahani mama, naomba nikueleweshe. Mimi ndiye nitakupeleka. Nimeshaomba ruhusa ya asubuhi." Basi.

Sasa nisikudanganye eti yule daktari alikuwa malaika. Mwanamke yule alinitesa. Vidonge vya kuchoma alivitupa, akanipa vingine vya kumeza usiku, vikapunguza ule moto wa mguuni, lakini baada ya hapo kazi ilikuwa yangu. Kule hospitali kuna ngazi inayoenda ghorofani. Nikaipanda hiyo mpaka wafagizi wakawa wananisalimia kama mfanyakazi. "Mguu mzima unaanza, mgonjwa unafuata. Kushuka, mgonjwa unaanza. Bibi, nimesema nini? Unabeba yai tena." Nikimtukana kwa Kisukuma anasema, "Hiyo nimeielewa, panda." Siku nyingine akanipa ndoo tupu nipande nayo. Siku nyingine ndoo ina maji. Nikamwaga, akaniambia nideki.

Kila wiki alinivutia kile kiti. Unaendeleaje. Vizuri. Ila? Kuna wiki ila ilikuwa ndefu, nalia. Kuna wiki nilisema vizuri, akasubiri, nikatafuta ila sikuipata haraka, akasema, "Usiitafute, ikikosekana imekosekana."

Nilishamweka na yeye kwenye orodha ya sauti zangu. Yule babu wa mkono aliniomba nimwige kwenye varanda, nikamwiga, na safari hii nilijua mguu uko wapi. Alitoka mlangoni akanitazama. Akasema kiuno chake hakiko hivyo. Akarudi ndani.

Kuna siku akaniambia niende nikajaribu kwangu, nisiende peke yangu. Tukaenda sote watatu, mimi na watoto wangu. Asubuhi, mawe makavu. Mwanangu nyuma yangu mikono imenyooshwa kama anadaka kuku. Nikamwambia aishushe, ananitia wasiwasi. Nikapita kwenye kamba za nguo, jirani yule ametoka kabisa na sabuni mikononi, hacheki, anatembea sambamba na mimi chini ya ukuta wake. Nikafika kwenye jiwe. Lilikuwa lilelile, laini, la baridi. Nikaliogopa. Ndiyo, niliogopa, yule mwanamke alisema kweli, na alaaniwe. Nikaweka mkono. Nikasimama pale, nyonga inaniambia usithubutu. Nikajisemea kwa ile sauti yake ya sufuria, "Bibi, nimesema nini? Mguu mzima unaanza." Nikageuka. Nikapanda.

Kwangu kulikuwa kumefagiliwa, kweupe, mpangaji hakuja, alishaambiwa nyumba ina mtu. Ukutani kuna alama ya pale kitanda kilipokaa. Nikakaa kizingitini, nyonga inawaka moto, ziwa liko mbele yangu lote, na nilikuwa na hasira ambayo hata chai isingeipoza. Mwanangu amesimama anaangalia mitumbwi.

"Kitanda changu," nikasema.

"Mama, Jumamosi nitatafuta vijana wa kubeba."

"Vijana hawakukiteremsha. Umekiteremsha wewe."

Jumamosi akaja na mwenzake wa kiwandani. Mbao za pembeni walizibeba vizuri. Ila ule ubao wa kichwani, wa mninga mzima, na uzito wake wote, mwanangu akauweka begani mwake mwenyewe, hakumpa mwenzake. Namwona kutoka mlangoni anakuja kati ya kuta. Akapita kwenye kamba, shuka la mtu likamfunika uso. Akafika kwenye jiwe, akageuka, ubao ukagonga ukuta, akasimama. Jasho linamtiririka mpaka kwenye macho. Jirani ametoka tena. Naye anamtazama.

Nikamwita kutoka juu. "Mwanangu, unaendeleaje?"

Akainua kichwa. Pumzi hana. "Vizuri, mama."

Nikanyamaza. Nikakaa na mikono kwenye magoti, nikamwangalia.

Akauhamishia ubao bega la pili. Akatazama chini alikotoka, akatazama juu nilipo, akaona siondoki na sigeuki.

"Ila mgongo, mama," akasema. "Mgongo unaniuma sana."

"Uegemeze hapo kwenye jiwe," nikamwambia. "Vuta pumzi. Mguu wa kulia ndo uanze. Na usikae sana, mimi leo silali chini."